Jina la Mlima Haliulizwi kwa Mpita Njia

Mfyuu! Leo nasonya na wala sifichi. Kijana mmoja anayeongoza watalii kashuka na wageni wake kutoka Irente, wamekaa hapa kwenye benchi letu wanywe kahawa, mgeni mmoja akauliza swali zuri kabisa: haya majina ya milima yenu yana maana gani? Kijana hakumeza hata mate. Usambara, akasema, ni kusambaa, watu walisambaa milimani. Lushoto ni kushoto. Mlalo ni pahala walipolala wasafiri. Soni ni aibu. Na kule Mambo? Mambo ni mambo, si unaona mambo yalivyo mazuri ukisimama ukingoni? Mgeni anaandika tu kwenye daftari lake, na akifika kwao daftari hilo litakuwa ndio ukweli.

Sikumkatiza. Kumkatiza mtu kwenye riziki yake mbele ya wageni wake si adabu. Lakini wageni wamekwenda zao, birika bado lina moto, na jambo hili inabidi tulizungumze, kwa sababu majina ya nchi hii yanakufa huku tunayaona, na yanauawa kwa hadithi tamu.

Tuanze na Lushoto yenyewe, maana ndipo tulipoketi. Kushoto kwa nani, jamani? Anayepanda kutoka Mombo ana kushoto kwake, anayeteremka kutoka Shume ana kwake. Tena hilo ni dogo. Tazameni majina ya nchi nzima: Lushoto, Lukozi, Lutindi, Lunguza, bonde la Lwengera linalokata milima hii ikawa mafungu mawili, ya Magharibi na ya Mashariki. Hiyo Lu inarudi na kurudi. Ukiniambia Lu ya Lushoto ni ku ya kushoto iliyopinda, basi nifafanulie na Lukozi, na Lutindi. Utanipa Kukozi? Utanipa Kutindi? Mtu anayefafanua jina moja na kuacha ndugu zake wote mlangoni hajafafanua kitu. Kaokota sauti mbili zinazofanana akazifunga kamba.

Sasa hiyo kusambaa. Hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote, utaisikia kituoni Mombo, utaisikia Korogwe, utaisikia Tanga mjini. Wasambaa ni watu waliosambaa. Na kwenye kila benchi hakosi mwingine wa kusema la, ni shamba: Washambaa ni watu wa shamba, hamuoni kabichi na karoti na peasi zinavyopakiwa kwenye mafuso kwenda Dar es Salaam? Zote mbili zinaingia sikioni vizuri. Ziwekeni pamoja muone. Ya kwanza inataka jina lianze na s, kwani ukiweka sh, kusambaa kumekwisha. Ya pili inataka sh, ukiweka s shamba halipo tena. Kila mmoja kachagua namna ya kuandika inayobeba hadithi yake, na mwenye jina hakuulizwa.

Mwenye jina, kwa lugha yake, huanza na sh, na nchi yake huiita Shambaai. Hiyo i ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Kiswahili hutanguliza U kwenye nchi: Usukuma, Unyamwezi, Usambara. Kishambaa huweka alama ya mahali mkiani. Mfalme wetu mkubwa aliyefariki 1862 aliitwa Kimweri ye Nyumbai, na hapo hata asiyejua neno moja la Kishambaa anaona mwenyewe: nyumba, nyumbai, yaani nyumbani. Basi Shambaai ni jina la mahali kabla halijawa jina la watu waliofanya hili au lile.

Na mahali hapo pana jirani yake wa kupingana naye, nyika. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa huku na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, alilieleza jambo hili vizuri, na wazee wanalijua bila kitabu. Dunia ya Mshambaa iligawanyika mara mbili. Juu ni Shambaai, penye mvua, baridi na migomba. Chini ni nyika, penye jua kali, ukame na homa. Mtu akishuka hakuhitaji ramani imwambie kavuka mpaka, aliangalia miti na majani yanayoota akajua. Sasa niambieni: jina linalotamkwa na mtu mwenye picha hiyo kichwani, huku juu kwetu na siyo kule chini, lina uhusiano gani na kutawanyika? Watu hawa walikuwa wanasema habari ya mahali pa kukaa, penye kumea migomba yao, na sisi tumewageuza wakimbizi waliotapakaa.

Ile r ya Usambara nayo imetoka wapi? Ndani ya jina la wenyewe haimo. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alipochapisha sarufi ya lugha hii mwaka 1911 aliiita Schambala, kwa l. Hiyo l katikati ya vokali Kishambaa kimeidondosha, ndiyo maana leo tunasema Shambaa. Johann Ludwig Krapf, aliyefika kwa Kimweri mwaka 1848 na kurudi tena 1852, aliandika Usambara, na ramani zikashika hapohapo. Hivi leo dunia nzima inaita milima hii kwa jina lenye r ambayo wenye milima hawaitamki. Silii juu ya r, imeshazoeleka, hata maduka yanaitumia. Nasema tu kwamba anayetaka kuchimba maana asichimbe kwenye jina la ramani.

Haya, mtasema hayo ni ya wasomi. Twendeni Soni basi, hapo chini tu. Kuna mlima unaopandwa sana na wageni, wanafuata vipepeo. Muulize mmoja atakwambia ni Kwamongo. Muulize mwingine, au fungua vitabu vya kuongozea wageni, utakuta Kwa Mungu. Mlima mmoja, majina mawili, na tofauti yake ni vokali tu. Na kwa kuwa umeshakuwa Kwa Mungu, maelezo yanajipanga yenyewe bila kuitwa: ni mtakatifu, ni wa maombi, ni karibu na mbingu. Nani atabisha?

Nabisha mimi. Nina kanuni moja ambayo naomba wenzangu muishike: mahali pakiwa na majina mawili yanayokaribiana sauti, lile lenye maana rahisi ndilo la kutilia shaka. Fikirini wenyewe. Mlima uwe unaitwa Kwa Mungu tangu enzi, jina ambalo mtoto wa chekechea analielewa, halafu watu wasahau waanze kusema Kwamongo, neno ambalo haliwaambii kitu? Ulimi wa binadamu hauendi hivyo. Huondoka kwenye lisiloeleweka kwenda kwenye linaloeleweka. Mtu kasikia Kwamongo, hana pa kuliweka, kalivuta hadi kwenye neno analolijua. Naamini kabisa Kwamongo ndilo lililotangulia.

Mzee mmoja hapa kanijibu, "Sasa mwanangu, kuna ubaya gani mlima ukiwa wa Mungu? Yote si yake?"

Ni kweli, mzee wangu, yote ni yake. Ubaya hauko kwa Mungu. Ubaya uko kwa yule aliyeondolewa. Mkoa wetu wa Tanga umejaa majina ya namna hiyo: Kwamkoro, Kwamngumi, Kwamsisi, Kwalukonge. Ni Kwa, kisha jina, na mara nyingi ni jina la mtu aliyewahi kukaa pale, akalima pale, labda akazikwa pale. Kwamongo inatuachia swali mkononi: Mongo ni nani, au ni nini? Swali hilo lina jibu kwa mtu fulani, kwa ukoo fulani, kwenye kijiji fulani chini ya mlima huohuo. Lakini ukishaandika Kwa Mungu kwenye kibao cha barabarani, swali limekufa. Hakuna atakayekwenda kuuliza Mungu ni nani. Hicho ndicho kinachonisonyesha. Maelezo ya uongo yangekuwa uongo tu yangepita, lakini haya yanafunga mlango, mtu anaridhika, anakunywa kahawa yake anaondoka.

Msidhani pia nasema kila penye Kiswahili pana uongo. Hapohapo Soni, geuzeni shingo muelekee shamba la Wabenediktini la Sakharani, lenye mizabibu na makadamia. Mtu asiyejua ataona watawa, atasema Sakharani ni jina la mtakatifu. Mwingine atasema limetokana na sukari. Thubutu! Hapa Kiswahili ndicho chenyewe. Sakarani ni mlevi, mwenye kamusi ya zamani afungue. Na Sakarani mwenyewe alikuwa Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani, mmoja wa waliokuwamo kwenye vita vya kuivunja ngome ya Mkwawa kule Kalenga mwaka 1894. Watu walimpa jina la Bwana Sakarani, na maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba alivyokuwa akiingia vitani ungesema kalewa. Alipoacha jeshi akaja kuwa mlowezi Usambara, na shamba lake likabeba jina lake la utani. Akafa kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliposhuka na meli zao wakatimuliwa.

Angalieni jambo hili kwa makini, kwa sababu lina fundisho juu ya majina yanayoishi. Wajerumani waliiandika nchi hii upya. Mji huu waliuita Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Mlalo, walipofika wamisionari wa Bethel mwaka 1891, ikawa Hohenfriedeberg. Kule Shume palikuwa na Neu-Hornow, mahali mbao zilipokuwa zikipasuliwa na kuteremshwa kwa waya wa angani hadi Mkumbara, chini kwenye reli. Majina hayo yalikuwa kwenye ramani, kwenye stempu za posta, kwenye barua za serikali. Leo muulize bibi yeyote sokoni Wilhelmsthal ni wapi. Hakuna ajuaye. Limebaki Jaegertal, bonde la mwindaji, na limebaki hili la Sakharani, ambalo Mjerumani hakulitunga. Walilitunga watu wa nchi, kwa lugha ya Waafrika, wakimwangalia mkubwa wao alivyo. Kaisari kasahaulika na mlevi wa vita yuko hai hadi kwenye chupa ya divai.

Kwa hiyo mtu asije akasema nachukia Kiswahili. Ninachotaka ni kwamba jina liulizwe historia yake kabla ya kuulizwa maana yake. Sakharani ukiiuliza sauti peke yake itakupa sukari. Ukiiuliza ilianza lini, na nani alikaa pale, itakupa Kalenga na Tanga.

Na sasa nisonye kwa upande wetu wenyewe, tusijifanye tumetakasika. Sisi Washambaa tukishamkemea Mswahili asivute kila jina kwenye Kiswahili, tunageuka na kulivuta kila jina kwenye Kishambaa. Milima hii haikukaliwa na Washambaa peke yao. Wako Wambugu, wafugaji wa huku juu, karibu na misitu, Magamba na Rangwi, ambao wana lugha ya ajabu inayowasumbua wataalamu hadi leo. Lugha yao ya ndani, Kimaa, ina maneno mengi ya Kikushi yaliyovishwa sarufi ya Kibantu inayofanana na ya Chasu, lugha ya Wapare. Maarten Mous wa Uholanzi aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Kilima kilichokuwa malisho ya Wambugu kabla ya mtu yeyote kupanda kabichi kinaweza kuwa na jina ambalo hata Mshambaa hodari hawezi kulifungua. Akilazimisha atakuwa amefanya kilekile alichofanya kijana wetu asubuhi. Tena Wakilindi waliotutawala walitoka Unguu, na upande wa Mkomazi wako Wapare. Anayetafuta maana ya jina la kijito na asianze kwa kuuliza nani alikuwa akinywa maji ya kijito hicho, anapoteza mchana wake.

Mlalo sasa. Pahala pa kulala. Nauliza swali moja tu: mzee wa Kishambaa wa zamani alikuwa anasema lala? Kulala kwetu ni kugona. Watu wanaosema kugona wangepaita pahala pa usingizi Mlalo kwa sababu gani? Hadithi hiyo imetungwa na mtu aliyekuja na Kiswahili chake, akalala pale kweli, akaona inafaa.

Soni ni ngumu zaidi, na hapa kijana wetu namtetea. Hakukosea neno. Soni ni aibu kwa Kiswahili cha wazee na kwa Kishambaa pia, mtu huona soni. Neno linaruhusu. Ila neno kuruhusu si ushahidi kwamba lilitokea. Nani aliona soni? Mbele ya nani? Kwenye maporomoko yale au sokoni? Vijiwe vyote vya barabara ya Mombo mpaka Lushoto vina majibu, na majibu hayafanani: hapa ni bwana arusi, pale ni jumbe, kwingine ni mgeni aliyekatazwa maji. Hadithi yenye wahusika tofauti kila kijiwe, kilichobaki kuwa kimoja ni jina lenyewe. Maana yake watu walipokea jina, kisha kila mmoja akalitafutia aliyeaibika. Hiyo ndiyo hukumu yangu mpaka nisikie bora kuliko hayo.

Kata ya Mbuzii nataka niiseme kwa sababu inaonyesha madhara ya kalamu. Mbuzi na i ya mahali, kama nyumba na nyumbai: kwenye mbuzi, penye mbuzi. Ni jina lililo wazi kabisa kwa kila anayejua kanuni ile ya i ya mkiani niliyowapa. Lakini mchoraji wa kibao ambaye hajui ataona i mbili, atasema huyu aliyeandika alikosea, atafuta moja. Hapo mahali pamegeuka mnyama. Irabu moja imeondoka na imekwenda na sarufi yote ya wazee. Na Kwekanga je? Sikio la dada zetu wa leo linasikia nguo, doti ya kanga. Kanga ndege alikuwepo kabla ya kanga nguo, hata nguo yenyewe husemwa ilipata jina kwa madoa yaliyofanana na ya ndege huyo. Aliyekaa porini kabla ya maduka alikuwa akisikia mabawa.

Tusijione wa peke yetu katika hili. Tazameni jirani zetu wa ng'ambo ya Mkomazi, wale ambao unaiona milima yao ukisimama Mtae siku isiyo na ukungu. Wenyewe ni Vaasu, nchi yao Vuasu. Jina la Wapare linasimuliwa kwamba lilitoka vitani na Wachaga, mtu akipiga kelele mpare, yaani mpige. Nendeni Bagamoyo, kila mgeni anaambiwa ni bwaga moyo, pahala mtumwa alipokata tamaa na kuuacha moyo wake pwani. Lakini Bagamoyo ilikuwa pia mwisho wa safari ya wapagazi, watu waliotembea miezi na pembe na mizigo mabegani, na kwao kufika pale kulikuwa pumziko na furaha. Wako wanaosema ni wao waliobwaga, wakabwaga mzigo moyo ukatulia. Na Kilimanjaro! Mlima wa mita 5,895, mkubwa kuliko wote Afrika, tumekubali kwamba unaitwa kilima. Johannes Rebmann aliuona una theluji mwaka 1848, tangu hapo kila mtu ana njaro yake: wa kwanza ukubwa, wa pili misafara, wa tatu mng'ao. Wachaga walioishi ubavuni mwake walikuwa na Kibo na Mawenzi, kila kilele na jina lake. Kilima kimeletwa na sikio la msafiri.

Hapo dada muuza kahawa kaniuliza swali lililonifanya nitulie. "Sasa kaka, hizo hadithi zote tuzitupe?"

Hapana, dada. Na hili nalisema kwa moyo wote. Hadithi ya jina, hata ikiwa si asili ya jina, ni habari ya kweli ya watu wanaoisimulia. Ile ya mpare hata kama haikuzaa jina, inakwambia watu wanaikumbuka hofu ya vita kati yao na majirani. Ile ya bwaga moyo inakwambia taifa hili linaukumbuka utumwa na linatafuta pa kuuwekea alama. Ile ya shamba inakwambia tunavyojiona sisi wa leo, watu wa kabichi na peasi. Abdallah bin Hemedi alipoandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotolewa upya mwaka 1962, alitupa hadithi ya Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa Unguu kwa kuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Akapanda huku kwetu, akaua simba, watu wakamwita Simba Mwene wakampa nchi. Hilo ni jina lenye hadithi, na juu ya hadithi hiyo ilisimama enzi nzima ya Wakilindi kule Vugha. Ukiitupa kwa sababu huna ushahidi wa simba, umetupa msingi wa dola. Ukiichukua kama cheti cha kuzaliwa cha kila jina, umewadharau waliokuwepo kabla ya Mbega. Iwekwe mahali pake: hii ndiyo hadithi, huyu ndiye aliyeisimulia, huu ndio mwaka. Mzee Abdallah aliandika kwa jina lake, tunajua nani kasema. Hadithi ya kusambaa nani kaisema kwanza? Haina mwenyewe, ndiyo maana haina wa kuijibu.

Kijana mmoja wa bodaboda kaingilia maneno, "Mzee, lakini wageni wanataka maana. Ukiwaambia sijui, wanaona hujui kazi."

Nakuelewa, mdogo wangu, na siyo kwamba nataka ulale njaa. Lakini huna haja ya kusema sijui. Mwambie mgeni: hapa Shambaai, kule chini nyika, na wewe leo asubuhi umevuka mpaka kwenye kona za barabara ya Mombo, ulipoanza kuona migomba. Hilo ni kweli na ni tamu kuliko kusambaa. Mwambie: mlima huu wengine wanauita Kwamongo na wengine Kwa Mungu, na mimi nimeanza kuwauliza wazee nani alikuwa Mongo. Mgeni mwenye akili atakuheshimu mara mbili. Mpeleke Sakharani umsimulie habari ya bwana yule mpaka mwisho wake Tanga. Hadithi za kweli za milima hii zinatosha kwa safari ya wiki nzima, hatuna upungufu wa kutufanya tubuni.

Basi naomba mambo machache, na nayaomba kwa watu wenye majina ya kazi zao, siyo kwa hewa. Walimu wa shule zetu, kuanzia Mlola mpaka Bumbuli: mpeni mtoto kazi ya likizo, aende kwa bibi yake akaulize jina la kila kijito, kila kilima na kila jiwe kubwa la kijiji chao, aandike na jina la bibi, na aandike bibi alipojibu hajui. Halmashauri mnaosimamisha vibao: kabla rangi haijakauka, mwiteni mzee mmoja wa kitongoji asome kibao kwa sauti, mwone kama anatambua jina la kwao. Mnaochapisha ramani na vipeperushi vya utalii: pakiwa na majina mawili, chapeni yote mawili. Makanisa na misikiti, ninyi mna daftari za ubatizo na ndoa za miaka mingi zenye majina ya vijiji jinsi yalivyosikika zamani. Zihifadhini, na mwenye kuja kusoma kwa nia njema msimfukuze.

Na ninyi wenzangu wa benchi hili, wenye simu zinazorekodi sauti mfukoni: wazee wanaojua majina ya mabonde ya Mtae na Shagayu wapo bado, wanakuja sokoni kila gulio, wanakaa hapohapo penye kivuli. Nendeni mkawaamkie, muwanunulie kahawa, muwaulize. Akikutajia jina usilolielewa, usimsaidie. Liandike vilevile alivyolitamka.